Dashibodi ya Baba na Kiti cha Kulia

Baba alikuwa na gari la watu wawili, na katika maisha yote ya ndoa yao mama hakuwahi kuwa mtu wa pili.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na mimi nikiumwa sijui kunyamaza. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la kijani, la mwendo wa kasi, limelala chini sana hata mbuzi wa jirani walikuwa wanalitazama kwa juu. Lilikuwa na pua ndefu na paa fupi, na ukiliwasha linanguruma kama mtu anayetafuta ugomvi. Watoto wa Ediofe, mtaa wetu wa Arua, waliliita chura. Baba alilipata kwa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa anahama Kongo, na kwa kuwa kule magari hupita kulia, usukani wake ulikuwa kushoto. Kwetu Uganda tunapita kushoto, na usukani wa watu wote uko kulia. Kwa hiyo baba akiendesha anakuwa upande wa majani, na yule aliyekaa kulia, karibu na katikati ya barabara, ndiye anayeonekana kwa mbali kama dereva.

Hapo ndipo penye kisa. Baba aliamini kwamba mke wake akikaa pale, Arua nzima itasema bwana fulani anaendeshwa na mke wake. Mtu mzima, mvaa tai, anayepewa benchi la mbele kanisani, alikuwa anakosa raha kwa jambo hilo. Kiti kile walikikalia rafiki zake, mnunuzi wa ngozi, makatekista wawili kwa zamu, na safari moja jogoo aliyefungwa miguu, aliyekuwa anapelekwa zawadi Koboko. Siku hiyo mama alikwenda sokoni kwa miguu, na jogoo akampita barabarani.

Tena kiti chenyewe kilikuwa na kazi. Dereva wa upande wa kushoto akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Lazima aliye kulia achungulie, kisha amwambie "Pita" au "Ngoja". Baba, ambaye nyumbani hakuambiwa kitu na mtu yeyote, barabarani alimtii mnunuzi wa ngozi kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama alikuwa anayasikia hayo yakisimuliwa mezani, watu wanacheka. Siku moja, akichambua maharage, aliniambia, "Mimi ningependa kukaa pale mara moja tu, nimwambie pita. Au ngoja. Hasa ngoja."

Baba alikufa bila kuambiwa ngoja na mke wake.

Ukoo ulipokaa kugawa mali, gari lilikuwa limelala kibandani miaka mingi, matairi yamekwisha pumzi. Waligawana ng'ombe, mabati na baiskeli. Ilipofika zamu ya gari, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu anayekaa Inde, alilizunguka, akalipiga teke kidogo, akatoa uamuzi. "Kitu hiki hakibebi hata gunia moja la mihogo. Mwachieni mjane." Mama alishukuru kwa adabu zote. Nilikuwa nimekaa naye kwenye mkeka, na nilimwona akiuma mdomo ili asicheke.

Baadaye aliniita. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye ninayedhaniwa kujua mambo ya vyuma. Tuliongea Kiswahili kama kawaida yetu, maana baba alikuwa Mlugbara na mama ni Mkakwa wa Koboko, na Kiswahili ndicho walichokubaliana kukitumia kugombana. Aliniambia macho yake yameanza kuingia ukungu. Alitaka gari litengenezwe, apande kutoka kwao Koboko mpaka nyumbani Ediofe, kwenye kiti cha kulia, akiwa bado anaiona barabara. "Nataka mtu aniulize, nami niseme pita," akasema. Sasa ungemjibu nini mama kama huyo? Nilikubali.

Injini haikusumbua sana. Lakini siku ya kwanza tuliyowasha taa, moshi ulitoka nyuma ya dashibodi, tukakimbia wote. Panya walikuwa wamekula waya. Mafundi wa Arua wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja aliinama, akanusa, akasema dashibodi lazima itoke, halafu akakumbuka kwamba ana msiba mahali. Walikuwa wanauogopa ule usukani. Mmoja alinieleza ukweli: "Madam, hii gari iko ya Kongo. Waya yake inatembea kinyume." Basi nikalipakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Koboko, chura wa watu akasafiri amefungwa kamba.

Koboko ni mji ambao kabla chai ya asubuhi haijapoa umeshasalimiana na Mkongo na mtu wa Sudan Kusini, na magari yao yanakuja na usukani upande wao. Palikuwa na fundi aliyeishi kwa kazi hiyohiyo, kuzitoa dashibodi na kuhamisha usukani toka kushoto kwenda kulia. Hakuwa mtu wa maneno madogo. "Mimi nabadilisha uraia ya gari," aliniambia, mkono kiunoni. Nikamwambia gari hili libaki na uraia wake, yeye ashughulike na waya tu. Akaitikia kwa kichwa, huku akilitazama kama mganga anayetazama mgonjwa mwenye ubishi.

Lakini kutoa dashibodi alijua, sitamnyima haki yake. Alilala chali, kichwa chini ya usukani na miguu imening'inia nje ya mlango. Alitenganisha waya wa betri kwanza. Akashusha usukani, akavuta vitufe vya taa kimoja kimoja, akafungua kebo ya mita ya mwendo iliyokwama kwa kutu, akaitukana kwa lugha nne, ikakubali. Halafu akauinua ubao wote mzima, ule ubao wa mti uliokuwa fahari ya baba, akautoa kama mtu anayetoa sinia mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na kiota cha panya, kimetengenezwa kwa maganda ya karanga, uzi wa tai na manyoya ya jogoo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yaani jogoo yule alikuwa bado na nafasi yake garini, na mama hana.

Kila skrubu iliyotoka, fundi aliichomeka kwenye mche mrefu wa sabuni ya kufulia, mahali palepale inapokaa kwenye dashibodi. Za juu alizichomeka juu, za chini chini, ndefu za kushoto pembeni. Ule mche wa sabuni ukawa dashibodi ndogo. "Hii ndiyo akili yangu," akasema. "Mutu asiguse." Nikarudi Arua kufungua duka, moyo umetulia.

Habari kwamba gari linafufuka zikafika Inde. Na hapo, jamani, kitu kisichobeba mihogo kikageuka ghafla kuwa mali ya ukoo. Baba mdogo alivaa koti, akasafiri mpaka Koboko, akamkuta fundi na dashibodi imelala juu ya gunia. Akamwagiza ahamishe usukani, auweke kulia, kama gari la watu wenye akili. Fundi alimwona ni mwanamume, ni mzee, ni ndugu wa marehemu. Mimi ni mwanamke na nilikuwa mbali. Wala hakuinua simu kuniuliza.

Sababu za baba mdogo zilikuwa nyingi. Ya kwanza, usalama, maana dereva wa kushoto haoni mbele, na hapo, namchukia kwa kusema hivi, alisema kweli. Ya pili, aibu ya ukoo, mjane kuonekana anaendesha gari la marehemu. Ya tatu ilikuwa kwamba usukani ukiwa kulia, yeye mwenyewe ataendesha, na mjane atakaa kushoto kwa heshima. Baba mdogo hajawahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli, tena baiskeli ya marehemu.

Baada ya kutoa amri akala. Mama lishe wa jirani alimletea enyasa, yaani ugali wa muhogo, na samaki, akala akashiba, akatafuta sabuni. Akauona ule mche. Akashangaa watu wa Koboko wanavyohifadhi misumari ndani ya sabuni, akazing'oa skrubu moja moja kwa uvumilivu mkubwa, akazitupia kwenye kopo, na akanawa mpaka viwiko.

Nilipofika kesho yake nilimkuta fundi ameshika msumeno. Alikuwa ameshachora kwa penseli upande wa kulia wa ubao, mahali mita zitakapohamia. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Kongo. Fundi akanijibu kwa upole, "Mzee amesema." Baba mdogo, aliyekuwa kivulini na chai, akaniita binti yangu, akaanza kunielimisha. Sikumngoja amalize. Nilimpigia mama simu.

"Mama, wanageuza gari."

"Wameshakata?"

"Bado."

"Wasikate. Nakuja."

Alifika mchana, amepewa lifti kwenye gari la matenga ya nyanya. Aliposhuka aliniomba mkono, nami nikadhani ni uchovu wa safari. Alilipapasa gari kutoka taa ya mbele mpaka mlangoni, polepole, kama anayemsalimia mtu wa zamani. Akaufungua mlango wa kulia. Akaketi katikati ya zile waya zilizoning'inia, akaweka mkoba magotini.

"Kateni," akasema. "Lakini mimi nimeshakaa."

Baba mdogo alikuja mbio. Alimsihi, akamweleza, akamtajia ukoo kwa vizazi. Kumtoa hakuweza, kwa sababu kwetu shemeji hamvuti mjane wa kaka yake mkono mbele ya watu, tena mjane wa umri ule, na watu walikuwa wameshajaa. Wanawake wa sokoni waliacha meza zao. Mmoja alimwambia fundi, "Kata basi, tuone." Fundi aliutazama msumeno, akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Shemeji," mama akasema, bila kugeuza shingo, "siku ile uliposema gari halibebi mihogo, nilikusikia vizuri."

Wanawake wakaangua kicheko. Fundi akaweka msumeno chini.

Ndipo akaenda kuchukua sabuni yake. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikaribia kulia kwa sababu ya sabuni. Aliugeuza ule mche uliobaki mwembamba, laini, wenye alama za vidole vya baba mdogo, kisha akalitikisa kopo la skrubu, akasema neno la Kikongo ambalo siliandiki. Kazi ya kurudisha ikawa ya kubahatisha. Waya mpya zilipita mahali pake, hilo alilifanya sawasawa, lakini skrubu ndefu ziliingia pafupi na fupi zikazama parefu. Mama hakutoka. Aliuinua ubao kwa magoti yake wakati fundi anafunga juu, akashika tochi, akapitisha kidole kwenye mstari wa penseli niliomwonyesha na kuufuta kwa mate. Mwishoni skrubu saba au nane zilibaki mkononi mwa fundi.

"Hizi ilikuwa ya ziada," akasema, akazitia mfukoni.

Tukajaribu. Ukiwasha indiketa ya kulia, wipa zinafuta kioo. Ukikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe. Mita ya mafuta ilisema tangi limejaa, na nadhani mpaka leo inasema hivyo. "Iko sawa," fundi akatamka, naye alikuwa amekasirika kiasi kwamba sikuthubutu kubishana naye.

Baba mdogo alikuwa tayari amesimama kando na fimbo yake, koti amefunga vifungo, akisubiri kupanda. Alichungulia ndani. Aliniona mimi kwenye usukani, akamwona mama, akatafuta kiti kingine kwa macho, nyuma, akarudia tena. Mama aliteremsha kioo akamwambia kwa sauti ya upole sana, "Shemeji, gari hili halibebi." Tuliondoka akiwa anaita boda.

Sijawahi kuona furaha kama ile. Tulipopita sokoni Koboko watu waliona mwanamke mzee, mfupi, kilemba cheupe, amekaa mahali pa dereva ndani ya chura wa kijani anayenguruma. Vijana wa boda walipaza sauti, "Mama anaendesha!" Mama akainua mkono kama askofu. Mikono yote miwili aliiweka juu ya dashibodi, na kwa mbali nani angejua kwamba hakuna usukani chini yake. Kila kona ya kushoto honi ililia, nao wakadhani anawasalimia.

Tulipopita Maracha tukalikuta lori la magogo. Lilijaza barabara, na mimi upande wangu naona magogo tu. Huu ndio wakati wenyewe, na sote wawili tulijua.

"Mama," nikamwuliza, "mbele vipi?"

Alijinyoosha. Akasogea dirishani, akachungulia kwa utulivu kama alivyosikia wanaume wanafanya.

"Pita," akasema.

Nikapita. Na mbele yetu kulikuwa na basi. Lilikuwa karibu kiasi kwamba niliuona uso wa dereva wake, mdomo wazi. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori kwa tundu ambalo sindano ingelikataa, wipa zikaanza kufuta kioo, honi ikalia, basi likapita na upepo wake. Kabla sijapata pumzi, mbele kidogo, trafiki akatusimamisha.

Alikuja moja kwa moja dirisha la kulia, kama wanavyokuja kwa kila dereva. Alikuwa na hasira ya haki.

"Mama, wewe na umri yako unapita lori namna hii? Unataka kuua watu?"

"Nimekosa, afande," mama akasema.

"Basi hukuona?"

"Nimekosa."

"Kama wewe ungekuwa mama yangu ningekunyang'anya hii gari leo. Barabara si ya kuchezea. Permiti iko wapi?"

Mama akafungua mkoba, akaanza kupapasa ndani kwa bidii, leso, rozari, pipi. Trafiki akainama kumharakisha. Macho yake yakashuka mpaka magotini mwa mama, yakatafuta kitu hapo, hayakukiona.

"Mama," akasema taratibu, "usukani iko wapi?"

"Nimempa mtoto ashike kidogo," mama akajibu. "Mikono imechoka."

Trafiki alinitazama mimi, mtoto mwenye mvi. Nikamsalimia. Akarudi kwa mama, si kwangu, akamwonya aende polepole, akatupisha.

Nilisimamisha gari mbele, chini ya mikaratusi. "Mama, hukuliona basi?"

Alikuwa anapapasa ubao wa dashibodi, pale palipokuwa na penseli.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua zilipoanza. Wewe bado unatafuta fundi."

"Sasa kwa nini ulisema pita?"

"Maisha yangu yote nimengoja kuulizwa," akasema. "Ningesema sioni, nani angeniuliza tena?"

Nililia, tena kwa hasira. Nilimchukia baba pale pale, na tai yake, na rafiki zake, na jogoo wake. Barabara ilikuwepo miaka yote ile, na macho ya mama yalikuwa mazima, na kiti kilikuwa mita moja kutoka kwake. Mama alinipa leso kutoka kwenye ule mkoba, akaningoja nimalize.

"Yule trafiki," akauliza, "alikuwa ananigombeza mimi?"

"Wewe tu."

"Kwa hasira kweli?"

"Kweli kabisa, mama. Mishipa ilimtoka."

Akatabasamu, akaegemea kiti.

Tukaendelea. Safari hiyo sikupita kitu tena, hata baiskeli yenye mkaa. Lakini kila tulipokuta kitu mbele nilimwuliza, "Mama, vipi?" naye alichungulia dirishani kwa makini, uso kwenye upepo, akasema, "Ngoja." Nami nikangoja. Nilimweleza walio barabarani, mwanamke mwenye beseni, watoto wa shule waliosimama kutuangalia, mzee aliyevua kofia. Wengine niliwatia chumvi kidogo. Huyo mzee, kwa mfano, alikuwa anajikuna.

Tulipokaribia Arua niliona kwenye kioo boda inatufuata, nyuma yake koti linapepea na fimbo imebanwa kwapani.

"Baba mdogo yuko nyuma yetu," nikasema.

"Anataka nini?"

"Anataka kupita."

Mama akateremsha kioo mpaka chini, akatoa mkono wote nje, kiganja kimeelekea nyuma. Kijana wa boda aliona ishara ya dereva, akapunguza mwendo, akakaa nyuma yetu hivyohivyo mpaka Ediofe.